Uzi wa GMAT kwa tuliopo Mbeya, Iringa na Njombe: nilivyotoka alama 485 hadi 645 nikijisomea chumbani Uyole

Mkazi wa Uyole (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za baridi.

Jumamosi iliyopita nilikutana pale Kabwe na mdogo wangu mmoja tuliyesali naye zamani. Amemaliza digrii, ana kazi, anataka kuomba MBA (masta ya biashara) nje, ambako shule nyingi za biashara hupima waombaji kwa mtihani wa GMAT. Akaniuliza, "Kaka, GMAT inafundishwa wapi hapa Mbeya?" Nikamjibu kwamba mimi nilijisomea mwenyewe. Akanyamaza, nikaona kabisa anapiga hesabu ya nauli ya Dar na kodi ya chumba cha miezi mitatu. Tangu siku ile sina amani, maana jibu nililompa lilikuwa fupi mno. Uzi huu ndio jibu refu, kwake na kwa yeyote aliyepo Tukuyu, Vwawa, Makambako, Mafinga au Iringa anayedhani mtihani huu ni wa watu wa Dar.

Mimi ni mhasibu, kampuni yetu inanunua kahawa Mbozi. Sekondari nilisoma EGM, chuo nikasoma uhasibu. Namba ndiyo kazi yangu asubuhi mpaka jioni. Kwa hiyo jaribio la kwanza nililofanya nyumbani liliponipa 485, nilikaa kitandani giza likaingia bila kuwasha taa. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtihani wa hesabu, na GMAT siyo mtihani wa hesabu. Hesabu zilizomo karibu zote ulishakutana nazo kabla ya kumaliza kidato cha nne: asilimia, uwiano, milinganyo, vipeo, namba tasa, wastani, mwendokasi. Kinachopimwa ni unavyolisoma swali na unavyoamua ukiwa na dakika mbili tu kwa kila swali. Ningelijua hilo mapema ningeokoa miezi miwili.

Nianze na mtihani wenyewe, kwa sababu kuna ndugu zetu mpaka leo wanasomea mtihani ambao haupo tena.

Toleo la sasa lilianza Novemba 2023, na lile la zamani likafungwa mwisho wa Januari 2024. Lina sehemu tatu, kila moja dakika 45. Quantitative (hesabu) ina maswali 21, Verbal (kusoma na kupima hoja kwa Kiingereza) 23, Data Insights (kuchambua takwimu na taarifa) 20. Jumla ni saa mbili na robo, ukitaka unapumzika mara moja kwa dakika 10. Unachagua mwenyewe uanze na sehemu ipi. Alama ya jumla ni kati ya 205 na 805, na sehemu zote tatu zina uzito sawa. Alama za jumla za sasa zote zinaishia na 5, kwa hiyo mtu akikuambia ana 700 ujue alifanya toleo la zamani. Kwa jedwali la ulinganisho la GMAC, ambao ndio wenye mtihani, 645 ya sasa inakaribiana na 700 ya zamani. Nalitaja hili kwa sababu nimeshuhudia mtu mwenye 625 akitaka kuacha kuomba chuo, kisa alisoma mahali kwamba bila 700 usijisumbue. Alikuwa anajipima kwa kipimo cha watu wengine.

Toleo jipya liliondoa insha, jiometri, na yale maswali ya kusahihisha sentensi za Kiingereza. Vitabu vya mtumba na PDF zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp nyingi ni za kabla ya hapo. Mimi wiki tatu nzima nilikuwa nakariri kanuni za duara na pembetatu. Ukifungua kitabu ukakuta sura ya Sentence Correction, kirudishe kwa mwenyewe. Nenda mba.com, jisajili bure, chukua kifurushi cha kuanzia: kina mitihani miwili kamili ya majaribio pamoja na maswali 70 ya mazoezi, yote kutoka kwa wenye mtihani. Ile mitihani miwili ni mali. Mmoja ufanye mwanzoni kabisa ujue umesimama wapi, wa pili uufungie mpaka wiki mbili za mwisho.

Mengine ya kujua: kompyuta inakupangia swali linalofuata kulingana na unavyojibu. Ukifanya vizuri maswali yanapanda ugumu, hivyo ukiona yanazidi kuuma usitaharuki, huenda ni dalili njema. Ukimaliza sehemu muda ukiwa bado upo, unaweza kurudi na kubadilisha majibu yasiyozidi matatu. Kikokotoo kipo kwenye Data Insights tu. Kwenye Quantitative ni kichwa na kalamu. Na muda ukiisha ukiwa na maswali ambayo hujayagusa, unakatwa vibaya. Dakika mbili za mwisho bahatisha yaliyobaki, usiache hata moja.

Sasa nieleze kilichonipandisha.

Kwenye Data Insights kuna aina ya maswali yanaitwa Data Sufficiency. Hauulizwi jibu ni ngapi. Unaulizwa kama taarifa ulizopewa zinatosha kulipata jibu. Ukichagua A unasema taarifa ya kwanza peke yake inatosha, B ya pili peke yake, C mpaka uziunganishe, D kila moja peke yake inatosha, E hata ukiziunganisha hazitoshi. Wahasibu na wahandisi tunaanguka hapa kwa sababu tumezoea kukokotoa mpaka mwisho. Nimetunga hili, jaribuni kabla ya kushuka chini:

*Mama alinunua parachichi na maembe sokoni, angalau moja la kila aina. Parachichi moja shilingi 300, embe moja shilingi 700. Alinunua parachichi mangapi?*
*(1) Alitumia shilingi 2,700 kwa jumla.*
*(2) Alinunua matunda 5 kwa jumla.*

Andikeni majibu, nitarudi.

Jambo la pili ni daftari. Nilinunua kaunta buku ya kawaida pale Sokomatola nikaigawa safu nne: swali lilihusu nini, nilifikiria nini wakati ule, kosa lilikuwa lipi, nikikutana nalo tena nitaanza na hatua gani. Safu ya pili ndiyo ngumu. Unatamani kuandika "nilikosea hesabu" upite zako. Usikubali. Andika ulichokuwa unawaza kweli, mfano "niliona neno asilimia nikakimbilia kuzidisha kabla sijajua ni asilimia ya nini." Baada ya mwezi nilikaa Jumapili moja nikahesabu makosa yangu. Zaidi ya nusu yalikuwa ya maswali ambayo hesabu yake naijua usingizini. Nilikuwa nimeyasoma vibaya. Tangu hapo nikapunguza idadi ya maswali kutoka 40 kwa siku hadi 15, na muda uliobaki nikautumia kwenye daftari. Alama zikaanza kupanda wiki hiyo hiyo niliyopunguza maswali, na mpaka leo nawaambia watu hivyo na wengi hawaniamini.

Jambo la tatu ni Verbal, na hapa nizungumze na sisi tuliosoma shule za kata. Kiingereza cha mtihani huu siyo cha misamiati mizito. Ni aya ndefu kuhusu biashara, sayansi au historia, yenye mwandishi anayesema jambo, kisha analigeuza katikati, kisha anahitimisha nusu nusu. Nilikuwa naisoma mara tatu na bado sijui anataka nini. Kilichonisaidia ni Kiswahili. Kila nikimaliza aya nafunika skrini na kusema kwa sauti, kwa sentensi moja ya Kiswahili, kama namwambia mama yangu: huyu bwana anasema nyuki wanapungua, wenzake wanalaumu dawa, yeye anadhani tatizo ni chakula. Ikishindikana kuisema, sijaelewa, narudi. Mwanzoni ilinichukua dakika sita kwa kifungu. Mwezi wa tatu nilikuwa naisema kimoyomoyo huku macho yanasonga.

Maswali ya hoja nayo yana ufunguo wake. Tuseme unaambiwa: mji fulani uliweka taa barabarani, na tangu hapo taarifa za wizi polisi zimeongezeka, kwa hiyo taa zimeleta wizi. Utaulizwa kipi kinaidhoofisha hoja. Usikimbilie kutetea taa. Tafuta nafasi iliyopo kati ya ushahidi na hitimisho. Ushahidi ni *taarifa* za wizi, hitimisho ni *wizi* wenyewe. Jibu linaloingia kwenye ule mwanya ni kama hili: mwezi ule ule kilifunguliwa kituo cha polisi jirani, watu wakaanza kwenda kuripoti mambo ambayo zamani waliyaacha. Majibu mengine yatakuwa ya kweli na ya kuvutia, lakini hayagusi mwanya huo.

Ratiba yangu: saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja kasoro, siku sita za wiki, miezi minne. Ilikuwa Mei mpaka Agosti, na wenyeji mnaijua Julai ya Uyole. Blanketi mgongoni, chai ya tangawizi pembeni. Usiku nilijaribu nikaacha, kichwa kilichotoka kazini hakina dakika mbili za utulivu. Jumapili nilipumzika kabisa.

Mtihani nilifanyia Dar, kituoni. Mbeya hadi Dar kwa basi ni zaidi ya kilomita 800, siku nzima njiani. Nawasihi msifike jioni mkafanya mtihani kesho yake asubuhi. Mara ya kwanza nilifanya hivyo, nimeshuka na uchovu wa mlima Kitonga na joto sijalizoea, nikapata 555 wakati nyumbani nilikuwa nakaribia 600. Mara ya pili nilifika siku mbili kabla, nikalala, nikatembea mpaka kituoni kujua mlango ulipo, na siku ya tatu nikapata 645. Kurudia kunaruhusiwa baada ya siku 16, mwisho mara tano ndani ya miezi 12. Alama zinadumu miaka mitano. Na jina unalojisajilia lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi.

Nimeandika marefu. Ulizeni.

Mdau wa Mafiati

Asante sana mkuu. Jibu langu ni C. Taarifa ya kwanza inatoa mlinganyo mmoja wenye herufi mbili, hautatuliki. Ya pili nayo hivyo hivyo. Ukiziunganisha unapata parachichi 2, maembe 3.

Fundi Umeme Forest

C na mimi.

Mkazi wa Uyole (mwanzisha uzi)

Wote wawili mmepita njia niliyopita mimi mara ya kwanza, na ndiyo njia waliyoitegemea watunga maswali.

Jibu ni A. Tumefundishwa kwamba herufi mbili zinahitaji milinganyo miwili, na ni kweli kama majibu yanaweza kuwa namba yoyote. Lakini parachichi halinunuliwi nusu. Gawanya kila kitu kwa 100: parachichi mara 3, jumlisha maembe mara 7, sawa na 27. Embe likiwa 1, inabaki 20, haigawanyiki kwa 3. Maembe 2, inabaki 13, haigawanyiki. Maembe 3, inabaki 6, parachichi 2. Maembe manne tayari yamezidi. Kwa hiyo kuna jibu moja tu, na taarifa ya kwanza imelitoa bila msaada. Ya pili peke yake haitoshi, matunda matano yanagawanyika kwa njia nyingi.

Ndani ya swali kuna maneno mawili yaliyobeba kila kitu: "angalau moja". Bila hayo, parachichi 9 na embe sifuri nalo lingekuwa jibu. Kwenye daftari lako Mdau wa Mafiati, safu ya nne iandike hivi: *vitu visivyogawanyika, jaribu namba kabla ya kusema C.*

Mdau wa Mafiati

Nimeelewa. Na nimeudhika kidogo, maana nilikuwa na uhakika.

Dada wa Tukuyu

Kaka shikamoo, na asante kwa moyo huu. Mimi nimesoma HKL, chuo nikasoma maendeleo ya jamii. Basic Mathematics kidato cha nne nilipata F na sijaigusa tena. Nafanya kazi na vikundi vya akina mama wa chai na ndizi huku Rungwe, miaka sita sasa. Nataka MBA kwa sababu kila siku naona vikundi vinakufa kwa kukosa mtu wa kuvisimamia kama biashara. Naomba uniambie ukweli bila kunionea huruma. Inawezekana?

Mkazi wa Uyole (mwanzisha uzi)

Marahaba dada yangu. Inawezekana, ila miezi minne yangu kwako iwe minane au tisa. Huo ndio ukweli.

Miezi mitatu ya kwanza sahau GMAT. Chukua vitabu vya Hesabu vya kidato cha kwanza na cha pili, vile vile vya shule, ufanye kila zoezi kwa mkono: sehemu, desimali, asilimia, uwiano, milinganyo, vipeo. Usione aibu kumfuata mwalimu wa sekondari ya jirani akuelekeze Jumamosi. F ya kidato cha nne mara nyingi ilikuwa F ya kukosa mwalimu, wewe unajua shule zetu.

Halafu hesabu unayo tayari, hujui tu kwamba ndiyo hiyo. Angalia hili. Una mchele wa 2,400 kwa kilo na mchele wa Kyela wa 3,000. Unataka kuchanganya kilo ya mchanganyiko ikusimamie 2,800. Utachanganya kwa kipimo gani? Akina mama wa sokoni hawaandiki mlinganyo. Wanaona 2,800 iko karibu zaidi na 3,000, kwa hiyo wa Kyela lazima uwe mwingi. Umbali kutoka 2,800 mpaka 3,000 ni 200, umbali mpaka 2,400 ni 400. Wa bei ndogo kwa wa Kyela ni 200 kwa 400, yaani kilo moja kwa kilo mbili. Hakikisha: 2,400 jumlisha 6,000 ni 8,400, gawanya kwa 3 unapata 2,800. Hilo swali lipo GMAT, wamebadilisha tu mchele kuwa kemikali.

Na upande wa Verbal, mtu wa HKL aliyezoea kuchambua hoja ana kitu ambacho mimi ilibidi nikitafute kwa jasho. Nakuachia swali moja. Chukua muda wako, hata wiki:

*n ni namba kamili. Je, n ni witiri?*
*(1) n² + n ni shufwa.*
*(2) 3n ni witiri.*

Mwalimu Gangilonga

Kamwene wapendwa. Niongeze upande wa GRE, mtihani mwingine wa kuombea masta, kwa sababu shule nyingi za biashara, Harvard na INSEAD zikiwemo, zinapokea GMAT au GRE. Nilifanya GRE mwaka jana.

Tangu Septemba 2023 GRE imefupishwa, ni saa moja na dakika 58. Verbal maswali 27 kwa dakika 41, hesabu maswali 27 kwa dakika 47, na insha moja ya dakika 30. Verbal na hesabu kila moja ina alama 130 hadi 170. Kwenye hesabu unapewa kikokotoo. Lakini jiometri ipo, na misamiati ni mizito kweli kweli, maneno ambayo hata gazeti la Kiingereza halitumii kila siku. Mimi nafundisha Kiingereza kwa hiyo ilinifaa. Kama hesabu zako ni nzuri na misamiati inakutesa, baki na GMAT. Kama bado hujajua utasoma MBA au masta ya uchumi au sera, GRE inafungua milango mingi zaidi. Fanyeni jaribio moja la bure la kila mtihani kabla ya kulipia chochote, kisha mlinganishe.

Mkazi wa Uyole (mwanzisha uzi)

Ndaga mwalimu. Hili nilikuwa nimelisahau na ni kubwa.

Mjasiriamali Makambako

Kuna anayefikiria kuufanya mtihani wa GMAT nyumbani, kwa mtandao, ili kuokoa nauli? Asome yaliyonikuta. Chumba nilikitayarisha vizuri, meza tupu, mlango umefungwa, nikaonyesha kuta zote kwa kamera kama wanavyotaka. Nikaanza. Sehemu ya pili katikati umeme ukakatika. Kompyuta ilikuwa na chaji, lakini ruta ilizima, na mawasiliano na msimamizi yakapotea pale pale. Mtihani ukaishia hapo. Ilinichukua wiki kadhaa za kuandikiana nao ndipo nikapangiwa tena, na katika wiki hizo nilishindwa kabisa kushika kitabu.

Mara ya pili nilitafuta ruta yenye betri yake, nikaijaribu siku tatu mfululizo kwa muda ule ule wa mtihani. Watoto nikawapeleka kwa bibi yao, maana mtu yeyote akiingia chumbani wanaweza kuufuta mtihani. Na mjifunze mapema kutosoma kwa sauti. Ile mbinu ya Kiswahili ya mwenye uzi ni nzuri sana, lakini siku ya mtihani wa nyumbani midomo isicheze.

Mkazi wa Uyole (mwanzisha uzi)

Pole sana, na asante kwa la midomo, sikuwahi kuliwaza kwa sababu nilifanyia kituoni. Kuhusu ada: toleo jipya lilipoanza, Marekani ilikuwa dola 275 kituoni na dola 300 nyumbani. Bei hutofautiana kwa nchi na hubadilika, kwa hiyo angalieni kwenye akaunti zenu kabla ya kutafuta dola. Ukishaziona alama zako una saa 48 za kuzituma kwa vyuo vitano bila malipo ya ziada. Orodha ya vyuo iwe tayari kabla ya siku hiyo.

Mzee wa Sae

Vijana, nawasoma kwa heshima. Ila niulize. Mzumbe wana ndaki hapa hapa Mbeya. Iringa kuna vyuo. Kwa nini mtu alipe mamia ya dola kwa mtihani tu, wakati angesoma hapa akirudi nyumbani kula ugali wake?

Mkazi wa Uyole (mwanzisha uzi)

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni la kuulizwa kabla ya yote niliyoandika hapo juu.

Mtu anayetaka kupanda cheo kazini kwake hapa, mwenye familia, ambaye mtandao wake wa kazi uko Nyanda za Juu Kusini, nitamshauri asome hapa na asiguse GMAT. Nina wenzangu ofisini waliosoma masta hapa Mbeya na wananizidi kwa mambo mengi ya kazi. GMAT ina maana kwa anayetaka shule inayoidai, na hasa kwa asiye na ada, kama mimi. Shule nyingi zinaangalia alama hizi pia zinapogawa ufadhili. Stanford, kwa mfano, wana ufadhili maalumu wa MBA kwa Waafrika wenye uhitaji, unalipa ada, kwa masharti kwamba ukimaliza urudi kufanya kazi Afrika angalau miaka miwili. Mtoto wa mkulima wa viazi hana mjomba wa kumwandikia barua. Namba moja aliyoipata kwa jasho lake, inayosomeka sawa London na Cape Town, ndiyo barua yake. Kwa ajili ya huyo naona mamia ya dola yanastahili, na ningetamani yapungue.

Mzee wa Sae

Marahaba. Umenijibu.

Fundi Umeme Forest

Mkuu, kuna grupu nimeunganishwa, wanauza maswali "yaliyotoka mwezi huu". Wanasema ni halisi. Vipi?

Mkazi wa Uyole (mwanzisha uzi)

Toka humo leo. Kama ni ya uongo umeibiwa. Kama ni ya kweli umejiweka pabaya zaidi. Mwaka 2008 GMAC walishinda kesi Marekani dhidi ya tovuti ya Scoretop iliyokuwa ikiuza maswali halisi, kisha wakafuata waliokuwa wakiitumia, na kuna waliofutiwa alama na vyuo vyao vikajulishwa. Wewe ni fundi, unajua nyaya zilizofungwa vibaya zinawaka siku mwenye nyumba amelala.

Dada wa Tukuyu

Kaka, imenichukua siku nne. Naomba usahihishe.

Nimeanza na ya kwanza. Nimejaribu n ikiwa 2: 4 na 2 ni 6, shufwa. Nikajaribu 3: 9 na 3 ni 12, shufwa tena. Nikajaribu 5: 30. Nikajaribu 8: 72. Kila ninayoweka inatoa shufwa, iwe witiri au isiwe. Mwanzoni nikafikiri nimekosea, nikarudia kwenye daftari jipya. Halafu nikaona: kama kila namba inakubali, basi hiyo taarifa haijaniambia kitu kuhusu n. Haitoshi.

Ya pili: 3 mara shufwa inatoa shufwa daima, kwa hiyo ili 3n iwe witiri, n lazima iwe witiri. Inatosha.

Jibu B.

Ninachotaka kujua ni kama njia yangu ya kujaribu namba ni halali, au nilitakiwa kutumia kanuni.

Mkazi wa Uyole (mwanzisha uzi)

B. Sahihi kabisa, na njia yako ni halali. Kanuni ipo: n² + n ni n mara namba inayoifuata, na katika namba mbili zinazofuatana moja lazima iwe shufwa, ndiyo maana jibu daima ni shufwa. Lakini wewe umefika pale pale kwa kujaribu, na umetambua kwamba taarifa inaweza kuwa ya kweli daima na bado isikusaidie. Mimi hilo lilinichukua mwezi wa pili kulielewa.

Siku nne zisikutishe, za leo ni za kuelewa. Anza kidato cha kwanza, sura ya sehemu. Mwalimu Gangilonga, kama uko tayari kumsaidia dada upande wa insha za maombi muda ukifika, naomba mwandikiane pembeni. Mimi Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nitakuwa naweka hapa maswali matano, na majibu Jumamosi inayofuata.

Mwalimu Gangilonga

Niko tayari. Dada, nitumie ujumbe, tuanze na hadithi ya vile vikundi vya chai.